Shida ya njiani, kazi ya mukononi: vijana wa Sakania ku mupaka

Saa kumi na mbili ya asubui, Kasumbalesa. Jua halijatoka vizuri, lakini mulolongo wa makamyo uko pale pale ulibakia jana magaribi. Bashofere wengine wamelala usiku mbili ao tatu ndani ya kamyo. Mumoja anafungua mulango, anatafuta mayi ya kunawa uso. Mwengine simu yake imezimika. Wa tatu amebakia na kwacha mufukoni, anataka franka. Mbele hata mguu ufike chini, sauti ya kijana inasikilika: « Papa shofere, mayi iko! Ya kunawa, ya kunywa, ile unataka! »

Shofere ameamuka na shida. Kijana ameamuka na kazi. Katikati ya hao wawili njo kunazaliwa biashara ile tunataka kuwasimulia leo.

Teritware ile inaishi na njia

Wengi wakisikia jina la Sakania wanafikiri tu muji mudogo wa gare, ku mwisho wa reli yetu. Lakini Kasumbalesa pia, kilometa karibu 90 kutoka Lubumbashi, iko ndani ya teritware ya Sakania, jimbo la Haut-Katanga. Mokambo vilevile, ile inaangaliana na Mufulira. Ukitazama karte, utaona kipande cha inchi yetu kimeingia ndani ya Zambia sawa kidole: upande moja Kopabelti, upande mwengine Luapula. Mupaka ulichorwa na Wazungu, lakini watu hawakukatika. Balamba na Balala wako huku na kule, na Kibemba unakisikia ku soko ya Kasumbalesa sawa vile unakisikia Chililabombwe.

Njia njo ilijenga Sakania. Reli ilitoka kusini, ikapita Ndola, ikafika Sakania mwaka 1909. Mwaka uliofuata, 1910, ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Tangu siku zile, watu wa hapa wanajua kuishi na kitu kinachopita. Zamani kilikuwa treni. Leo ni kamyo. Kongo imekuwa inchi ya pili duniani kwa kutosha shaba, na sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga inapitia Kasumbalesa kwenda Durban, Dar es Salaam, Walvis Bay ao Beira. Ku kurudia, makamyo inaleta bunga, mahindi, saruji, mafuta na vyombo vya migodi.

Pembeni ya muji wa Sakania kuko mugodi wa Frontier, ule unatosha shaba. Kila mwaka vijana wanamaliza masomo, wanashika diplome d'État, wanaandika barua, wanangojea. Lakini mugodi wa leo ni mashini kubwa na watu kidogo. Hauwezi kupatia kila mutoto wa teritware kazi. Wengi wamengojea jibu mwaka moja, miaka mbili. Kiisha siku moja wanashika bidon, wanaenda barabarani. Pale hakuna mutu anawaomba barua.

Kila shida iko na mwenye kuiona

Tembea kidogo kando ya mulolongo, utaona namna shida inageuka kuwa meza ya kazi.

Mayi kwanza. Makamyo inasimama fasi hakuna robine. Kijana anajaza bidon za litre 20 ku forage, anazifunga ku kinga, anasukuma mupaka ku makamyo. Kuko mwenye kuuzisha kwa bidon nzima, kuko mwenye kuuzisha kwa chupa.

Kiisha makuta. Ku mupaka, franka, kwacha na dola zinatembea pamoja, na rand pia unaweza kuiona. Bakambiste wanakaa na meza yao ndogo, noti zimepangwa kwa mafungu. Pembeni yao, kijana wa kabine, na parasoli yake: anauzisha uniti za simu, anapokea na kutuma makuta kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kwetu Kongo M-Pesa ilifika mwaka 2012. Mbele ya pale, shofere aliyetaka kutumia bibi yake makuta ya chakula Likasi ao Kolwezi alikuwa anatafuta mutu wa kumwaminia bahasha.

Halafu kuko quado, yule wa kubandika mipira ya motoka. Kuko mwenye kulinda kamyo usiku shofere alale kidogo. Kuko mwenye kujenga kibanda cha bache na tanki ya mayi moto, anauzisha kuoga. Wengine walimucheka ku mwanzo. Leo wanapanga mulolongo ku mulango wake. Kuko bamama na binti zao, mbabula inawaka tangu asubui, bukari na samaki, tshibwabwa, sombe, na munkoyo wa baridi ndani ya ndoo. Shofere ametoka Tanzania ao Afrika ya Kusini. Ile bukari inamukumbusha nyumbani, hata kama kwao wanaiita ugali ao pap.

Nitawaambia kitu kimoja kilinifikia mimi mwenyewe. Safari moja nilikwama kule, simu imezimika, ku nyumba wananingojea na hawajui niko wapi. Chini ya mwembe, kijana moja alikuwa na kipande cha panneau solaire juu ya kibati, batri ya zamani ya kamyo, na nyuzi za kila namna. Alikamata simu yangu, akapasua karatasi mara mbili: kipande kimoja akakibandika ku simu, kipande kingine akanipa, namba ile ile juu yake. « Papa, enda ukule. Nyuma ya saa moja ukuye na karatasi yako. » Nilikula, nilirudi, simu ilikuwa pale.

Siku ile ile, kambiste moja alinihesabia noti mbio mbio, akazikunja, akanipa. Ndani ya basi nikahesabu tena: ziko chache. Sikumurudilia tena hata siku moja, na kila rafiki aliyekuwa anaenda kule nilimwambia ajilinde.

Wote wawili walianza na shida yangu. Mumoja alipata makuta kidogo na akapata mutu wa kurudi. Mwengine alipata makuta mingi kidogo siku moja, akapoteza mutu. Kijana wa panneau hakuuzisha umeme tu: kile kipande cha karatasi njo kilikuwa mutaji wake mukubwa.

Hesabu ya bidon

Vijana wengi wanatumika kwa nguvu, lakini ukiwauliza « Jana ulipata ngapi? », wanakuonyesha mufuko. Mufuko si hesabu. Tufanye hesabu ya mufano, kila mutu ataweka bei za kwao.

Tuseme kijana ananunua bidon moja ya mayi 200 franka, anaiuzisha 500. Anapata 300. Akiuzisha bidon 20 kwa siku, ni 6.000 franka. Anarudi nyumbani na furaha. Lakini kinga si yake: anailipia mwenyewe 2.000 kila siku. Amekula 1.500. Mupira ulitoboka, quado alikamata 500. Imebakia 2.000. Yule aliyefikiri amepata 6.000, ukweli amepata sehemu moja ya tatu.

Sasa tuangalie ile kinga. Tuseme bei yake ni 200.000. Kwa kulipa 2.000 kila siku, nyuma ya siku 100 kijana amemulipa mwenye kinga bei yake nzima, na hata siku ya 101 kinga si yake. Anaendelea kulipa. Mwaka moja, miaka mbili. Njo vile mutu anatumika sana na anabakia fasi moja.

Mulango uko wapi? Bamama wa soko wanaujua tangu zamani: likelemba. Vijana watano wa mayi wanaketi pamoja. Kila mumoja anaweka zile 2.000 alizobakia nazo kwa siku. Ni 10.000 kila siku. Siku ya 20, iko 200.000: wa kwanza anapata kinga yake. Siku ya 40, wa pili. Siku ya 100, wote watano wako na kinga. Na yule wa kwanza, tangu siku ya 21 halipe tena mutu, 2.000 ya kukodisha inabakia mukononi mwake. Kama peke yake, angelazimika kungojea siku 100 ndipo apate, na ndani ya siku 100 ugonjwa, matanga na deni zingemukuta njiani. Kidole kimoja hakivunje chawa.

Ku likelemba kuko sheria moja tu, lakini ni nguvu: yule aliyekwisha kukamata asikimbie. Njo maana mufanye na watu mnaojuana lupangu, si na kila mutu mwenye kucheka vizuri. Na mununue kaye moja. Upande wa kuume andika kile kiliingia, upande wa kushoto kile kilitoka. Kila magaribi, hata kama umechoka. Kaye ya 1.000 franka imeokoa biashara mingi kuliko mutaji wa dola mia.

Kula shida ao kumaliza shida?

Hapa njo kuko jambo ngumu, na ni lazima tuseme wazi, hata kama haipendeze.

Mulolongo wa makamyo ni mateso kwa shofere, ni hasara kwa mwenye muzigo, na ni bei ya juu kwa mama anayenunua bunga Lubumbashi, juu kila siku ya kungojea inaingia ndani ya bei. Lakini kwa kijana wa mayi, mulolongo njo soko. Mulolongo ukiwa murefu, anauzisha mingi. Serikali na wafanyabiashara wakubwa wanatafuta kila siku namna ya kuupunguza: njia mupya, posti zingine za mupaka, karatasi za kompyuta. Siku watafaulu, nani atanunua mayi?

Tuliona kidogo sura ya ile siku ku mwezi wa 8, mwaka 2024. Kongo ilikataza kuingiza bia na vinywaji vitamu kutoka Zambia, kukatokea fujo ku Kasumbalesa, na Zambia ikafunga mupaka yake yote mitatu ya huku kwetu: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilikuwa siku chache tu, kiisha wakafungua. Lakini kwa mutu anayekula kile alipata leo, siku chache ni mingi. Meza ya kambiste bila kwacha, kabine bila mutu, mbabula bila moto. Biashara yako ikisimama juu ya mulango moja tu, mwenye kufunga ule mulango anaweza kukufungia na chakula pia.

Njo maana tunasema: kuko kula shida, na kuko kumaliza shida. Yule wa kula shida anauzisha mayi pale mulolongo uko, na anaomba Mungu mulolongo usiishe. Yule wa kumaliza shida anajiuliza: mayi safi inakosekana tu ku barabara? Hapana. Iko na shida ku karte zote, ku masomo, ku vituo vya afya vya mugini, ku restora za bamama. Akianza kupelekea bamama kumi wa bukari bidon kila asubui kwa bei ya mwezi, mupaka ufunguliwe ao ufungwe, watu watakula, na yeye atakuwa na kazi.

Vilevile kijana wa panneau. Simu ya shofere ni mwanzo. Lakini mugini ya Sakania mingi iko bila umeme, na ndani ya muji pia usiku wa giza si kitu cha kushangaza. Anayejua kufunga panneau moja chini ya mwembe anaweza kujifunza kufunga panneau juu ya nyumba, ku kabine ya kunyoa nywele, ku frigo ya mama wa samaki. Ile haiishe siku mulolongo unaisha.

Wengine walianzia chini vile

Musifikiri tunasema ndoto. Tuangalie majirani.

Washikala Malango na Iongwa Mashangao ni watoto wa Kivu ya Kusini. Vita iliwatosha kwao wakiwa wadogo, wakakomea Tanzania ndani ya kambi ya wakimbizi. Kule walijua vizuri giza ya usiku ni nini, na moshi wa taa ya petroli. Mwaka 2013 wakaanzisha Altech, kampuni ya kuuzisha taa za jua hapa Kongo. Hawakutafuta shida mbali: walikamata ile walikuwa nayo tangu utoto. Na walielewa kama mutu masikini hana dola za kulipa mara moja, lakini kila juma anatosha makuta ya petroli na mishumaa. Umupe njia ya kulipa kidogo kidogo, ataweza.

Ku Bukavu, Nicole Menemene aliona plastiki inajaa ku Ziwa Kivu. Plastiki ile inashuka mupaka ku mutambo wa umeme wa Ruzizi na kuuzuia kutumika. Wengine walilalamika juu ya umeme kukatika. Yeye alianza kuokotesha plastiki na kuigeuza vikapu na vyombo vya nyumba, ku kampuni yake Plastycor. Takataka ikapata bei, na wale wenye kuokota wakapata kazi.

Ku Nairobi, Nzambi Matee aliacha kazi ya mushahara, akajenga mashini yake ku lupangu ya mama yake, mupaka akapata namna ya kuchanganya plastiki na muchanga kuwa matofali ya kutandika chini. Kampuni yake inaitwa Gjenge Makers. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa, upande wa mazingira, ulimupa tuzo ya vijana. Mbele ya ile tuzo kulikuwa mashini zilizoharibika na matofali yaliyovunjika.

Na Kampala, mwaka 2014, kulianza SafeBoda. Mumoja wa waanzilishi, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwenyewe dereva wa boda-boda, ile sisi tunaita taxi-moto. Shida ilikuwa: abiria anaogopa, hajui dereva ni nani, hakuna kofia ya kulinda kichwa. Wakavalisha madereva kofia na gile ya rangi ya machungwa, wakawafundisha sheria za barabara, wakawaweka ndani ya simu ya abiria. Pikipiki ni zile zile. Kile kilibadilika ni kuaminiwa. Sawa kile kipande cha karatasi chini ya mwembe.

Mukiwaangalia hao wote, mutaona jambo moja: hakuna aliyeanza na kitu cha ajabu. Taa, takataka, tofali, pikipiki. Walikaa na shida moja muda murefu kuliko wengine.

Na kwetu, shida zipi zinangojea?

Shida ya kwanza ya Lubumbashi ni bunga. Tunakula bukari kila siku, lakini mahindi mingi inatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia. Tarehe 29 mwezi wa 2 raisi wao alitangaza kama ni hasara ya taifa. Huku kwetu, kila mama aliisikia ku bei ya mufuko. Na Sakania iko na udongo na mvua, kutoka mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 4. Kijana mwenye kinga na kaye anaweza kuanza na kukusanya mahindi ya wakulima wadogo, kuyakausha vizuri, kuyaweka fasi panya na fukufuku havifike, na kuyauzisha nyuma ya miezi michache. Shida si kulima tu. Mahindi mingi inaharibika nyuma ya kuvuna.

Kuko uyoga na vinkubala vya pori. Wakati wa mvua, bamama wanasimama kando ya barabara na beseni. Magaribi, ile haijanunuliwa inaoza. Mwenye kujua kukausha vizuri na kufunga ndani ya mufuko safi atauzisha mwezi wa 7, wakati hakuna tena mwenye nazo.

Kuko makala. Tunakata pori kila mwaka mbali zaidi, na bei ya mufuko inapanda. Bukavu na Goma vijana wanatengeneza makala ya takataka: maganda, majani, vumbi ya makala. Maganda ya mahindi na vumbi ya makala kwetu zinatupwa bule.

Karatasi haziume

Vijana wengi wanaogopa karatasi. Wanafikiri ukijiandikisha tu, kesho mutu wa kodi atakula yote. Woga ule hauna msingi wote, na si wa bule wote pia. Kwa hiyo mujue haya.

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Ndani ya sheria ile kuko cheo cha « entreprenant »: mutu mwenye biashara ndogo anajitangaza tu, bila kulipia kujitangaza, na bila muzigo wa kampuni kubwa. Anapata namba, na kwa ile namba anaweza kuongea na benki na kampuni. Tarehe 8 mwezi wa 9, 2022, kulitoka ordonnance-loi juu ya kusaidia biashara ndogo na zile zinaanza. Kuko ANADEC, ofisi ya serikali ya kufundisha na kusindikiza wenye biashara. Uende uulize, kuuliza hakulipiwe.

Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017 inasema kazi ndogo ndogo ambazo kampuni kubwa zinapatia wengine, ile tunaita sous-traitance, ni za kampuni zenye mutaji mukubwa wa Wakongomani. Chakula, kufua nguo, kusafirisha watu, kusafisha: mugodi unahitaji yote. Na sheria ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni kutosha angalau 0,3 % ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaoikala karibu. Vijana wa Sakania wako na haki ya kuuliza ile pesa inafanya nini, na kuomba sehemu yake iende ku masomo ya kazi za mikono na ku mutaji wa wadogo.

Kwa wenye kuvuka mupaka, mushike hili kichwani: tangu mwaka 2002, decree inaruhusu huduma nne tu kutumika ku mupaka: duane, DGM, OCC na Hygiène. Mutu mwengine akikuomba makuta, muulize anatumikia ofisi gani. Na kila makuta unalipa, uombe quittance. Binti mwenye mufuko moja ya tomati kichwani asilipe fasi sita kabla ya kufika sokoni. Ile pia ni shida, lakini ile si ya vijana kumaliza peke yao. Ni ya wakubwa.

Neno kwa wazazi

Kuko nyumba ambapo kijana akianza kuuzisha mayi, papa anasikia haya. « Nilikusomesha juu ya bidon? » Papa, tunakuelewa. Ulilipa minerval kwa shida, ulitaka mutoto avae kravati. Lakini mutoto anayejua kuhesabu bidon, kuandika ndani ya kaye na kutosha deni yake ku likelemba, masomo yake haikupotea. Inatumika kila asubui saa kumi na mbili.

Na wewe kijana, usibakie ku bidon kwa sababu bidon imekulisha. Ku mwisho wa mwezi, ujiulize mambo matatu. Ya kwanza: nani analipa juu ya kazi yangu, na atarudi kesho? Ya pili: mulolongo ukiisha kesho, ao mupaka ukifungwa, nitakula nini? Ya tatu: kinga ni yangu, ao ninalipia mutu kinga yake siku zote?

Mwenye kujibu vizuri mambo yale matatu, hata kama leo iko na bidon mbili tu, amekwisha kuanza. Na kamyo ile ilifika usiku huu, shofere wake ataamuka asubui na shida. Kesho, saa kumi na mbili, nani atakuwa chini ya mulango wake?